Sheikh Ali bin Hemedi al-Buhriy, Kadhi wa Tanga

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake: huyu ni Sheikh Ali, mwana wa Sheikh Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mwanachuoni aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima. Alizaliwa mwaka 1889, katika siku za vita hivyo, dola ikimtoka Sultani wa Unguja na kuingia kwa Wadachi.

Wadachi hawakuwaondoa makadhi. Mwaka 1916 Waingereza wakaingia Tanga, na mwaka 1922 Ushirika wa Mataifa ukawathibitishia amana ya Tanganyika. Ikawa dola ya tatu katika umri wa mtu mmoja. Na kila ijapo dola mpya, wanyonge ndio huingiwa na khofu: mjane hajui kama thumuni yake ataipata, wala yatima hajui ni nani atakayemgawia.

Katika zama hizo Sheikh Ali akawekwa kadhi wa Tanga. Elimu ya faraidhi ilikuwa vifuani mwa wanavyuoni na katika vitabu vya Kiarabu, navyo mabwana wa serikali hawakuvisoma. Basi akatunga kwa Kiswahili kitabu cha Mirathi, akabainisha warithi na mafungu yao kwa madhehebu ya Imamu Shafi. P. E. Mitchell, aliyekuja kuwa gavana wa Kenya, akakifasiri kwa Kiingereza. Akatunga tena Nikahi, katika hukumu za ndoa, nacho kikafasiriwa na J. W. T. Allen. Hivyo kadhi barazani na hakimu wa Kizungu waliweza kutazama hukumu moja.

Sheikh alifariki mwaka 1957. Tanganyika ikapata uhuru mwaka 1961, na sheria ya mwaka 1963 ikaziunganisha mahakama, ukadhi wa serikali ukaondoka. Ng'ambo ya mpaka, Mombasa, makadhi walibaki, kwa kuwa mwaka huo huo jambo lao liliandikwa katika mapatano ya Kenya na Unguja.

Fahamuni, ndugu, mazingatio yaliyomo. Cheo kilichosimama kwa idhini ya mtawala huondoka kwa idhini yake. Bali elimu iliyoandikwa kwa lugha ya watu haihitaji idhini. Baraza ya Sheikh Ali imefungwa, na fungu la mjane lingali limeandikwa kitabuni mwake. Basi mtu na ajifunze mirathi angali hai, asingoje maiti awe ndani na ndugu wakigombana uani.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Ali na wazazi wake. Amin.