Shaftesbury, mbunge mwenye alifunguza milango ya nyumba za wagonjwa wa akili

Anthony Ashley-Cooper, mwenye kujulikana kwa jina la Lord Shaftesbury, alizaliwa London mwaka wa 1801, katika familia ya wakubwa. Aliingia Bunge la Uingereza mwaka wa 1826, akiwa na miaka 25.

Mwaka wenye ulifuata, akawekwa katika tume ya wabunge ya kuchunguza nyumba za London zenye zilifungia wagonjwa wa akili. Nyumba nyingi zilikuwa biashara ya watu binafsi. Mwenye nyumba alilipwa kwa kila mugonjwa, na kwa maskini ni parokia njo zililipa. Kumbe, katika nyumba moja ya Bethnal Green, wagonjwa walifungwa minyororo toka jumamosi jioni mpaka jumatatu asubuhi, uchi, juu ya majani, juu walinzi walitaka kupumzika siku ya Mungu. Jumatatu walisafishwa inje kwa maji ya baridi, hata wakati wa baridi kali.

Mwaka wa 1828, mwenzake Robert Gordon alileta mradi wa sheria Bungeni. Ashley alisimama kumuunga mkono, lakini sauti yake ilikuwa ndogo na wengi hawakumsikia vizuri. Hata hivyo sheria ilipita. Kutoka pale, hata maskini hangefungiwa bila barua ya munganga. Nyumba yenye wagonjwa 100 ao zaidi ililazimishwa kuwa na munganga mwenye kuishi pale pale. Wakaguzi 15 walipewa haki ya kuingia na kuangalia, na Ashley alikuwa mmoja wao.

Shida ni kwamba wakaguzi hao walihusika na London na maeneo ya karibu tu. Kwa hiyo, toka 1842 mpaka 1844, walizunguka Uingereza na Wales, nyumba kwa nyumba. Ashley akapeleka ripoti yao Bungeni, na mwaka wa 1845 akapitisha sheria mbili. Ya kwanza iliunda tume ya kudumu ya kukagua inchi yote. Ya pili ililazimisha kila jimbo kujenga hopitali ya wagonjwa wa akili maskini.

Hakuacha kazi hiyo kwa wengine. Aliongoza tume miaka 40, bila mshahara. Wakati huo huo alipigania watoto wa viwandani na wa migodini. Hata nyumbani kwake ugonjwa uliingia: mwana wake Maurice aliteseka na kifafa, akafia Uswisi mwaka wa 1855.

Lakini sheria yake ilizaa pia shida mpya. Hopitali zilijaa haraka, na zikazidi kupanuliwa. Ile ya Colney Hatch, yenye ilifunguliwa 1851, ilifikia wagonjwa zaidi ya 2.000 mbele ya karne kuisha. Wengi waliingia na hawakutoka tena. Minyororo ilipungua, lakini kurudi nyumbani kulibaki kugumu, juu sheria ilipanga majengo na ukaguzi, haikupanga namna ya kumsaidia mugonjwa katika familia yake.

Shaftesbury alikufa Folkestone tarehe 1 mwezi wa kumi 1885, akiwa na miaka 84. Siku hiyo alikuwa angali mkubwa wa tume.