Leeuwenhoek na Siri ya Ukoga

Katika Bonde la Ufa la kati, kuanzia Mai Mahiu hadi Nakuru, si ajabu kukutana na watu wenye meno ya kahawia. Rangi hiyo huletwa na floridi iliyo katika maji waliyokunywa utotoni, wala si dalili ya uchafu. Ufizi unaovuja damu aghalabu una chanzo kingine: bakteria wa ukoga. Aliyetangulia kuwaona viumbe hao alikuwa muuza vitambaa wa Uholanzi.

Antonie van Leeuwenhoek alizaliwa mjini Delft mwaka 1632. Hakusoma chuo kikuu, wala hakujua Kilatini, lugha kuu ya wasomi wa Ulaya zama hizo. Alijifunza biashara mjini Amsterdam, kisha akarejea Delft kufungua duka. Baadaye alijitengenezea hadubini za lenzi moja, ndogo za kushikwa mkononi. Kuanzia mwaka 1673 alituma barua kwa Royal Society ya London, akiziandika kwa Kiholanzi, nazo zikatafsiriwa. Mwaka 1680 alichaguliwa kuwa mwanachama wake.

Mnamo Septemba 1683 aliandika kuhusu ukoga wa meno yake mwenyewe. Ingawa aliyasugua kwa chumvi kila siku, utando mweupe ulisalia katikati ya magego. Alipouchanganya na maji na kuutazama, aliona vijidudu vikienda huku na huko. Kinywani mwa mzee ambaye hakuwahi kusafisha meno, vilikuwa vimefurika. Kisha alijaribu siki. Vijidudu iliyovifikia vilikufa, ilhali vilivyojificha ndani ya ukoga vilisalimika.

Leeuwenhoek alifariki mwaka 1723 akiwa na umri wa miaka 90, bila kujua kwamba viumbe hao huleta maradhi. Ithibati ilikuja mwaka 1965, Harald Löe na wenzake nchini Denmark walipowaomba watu 12 wenye ufizi mzima waache kusafisha meno. Katika muda wa wiki 3 ufizi wa wote ulikuwa umevimba; waliporejelea usafi, ukapona. Ugonjwa ukipuuzwa, hata hivyo, huweza kula mfupa unaoshikilia jino, nao mfupa huo haurudi kwa kupiga mswaki.

Jaribio la siki lingali na funzo. Bakteria huishi kwa matabaka yanayokingana, hivyo dawa ya kusukutua au viuavijasumu pekee haviwafikii wote. Sharti ukoga uondolewe kwa mswaki kila siku, na ule uliogeuka jiwe ukwanguliwe na daktari, hata chini ya ufizi. Kwa hiyo mkazi wa Mai Mahiu hana sababu ya kuionea haya rangi ya meno yake. Damu ya ufizi ndiyo inayomdai aende kwa daktari.