Edward Saidi Tingatinga

Edward Saidi Tingatinga (Tunduru, 1932 - Dar es Salaam, 1972) alikuwa mchoraji kutoka nchini Tanzania. Ndiye mwanzilishi wa mtindo wa uchoraji wa rangi kali unaoitwa Tingatinga kwa jina lake.

Maisha

Tingatinga alizaliwa katika kijiji cha Namochelia, ambacho leo hujulikana kama Nakapanya, wilayani Tunduru. Wilaya hiyo iko mashariki mwa mkoa wa Ruvuma, mkoa uleule wenye Mbinga na ufuko wa Ziwa Nyasa upande wa magharibi. Alisoma miaka michache tu. Alipokuwa kijana aliondoka kwao kutafuta kazi, akafanya vibarua mbalimbali, yakiwemo mashamba ya mkonge ya Tanga, kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Baadaye aliajiriwa katika hospitali ya Muhimbili.

Uchoraji

Alianza kuchora mnamo mwaka 1968 bila kusomea sanaa. Turubai na rangi za wasanii zilikuwa ghali, hivyo alitumia vipande vya mraba vya hadibodi na rangi za mafuta zilizotumika kupaka baiskeli. Picha zake ziliuzwa karibu na Morogoro Stores, eneo la Oysterbay, ambako wageni wengi waliishi. Kazi ilipoongezeka, aliwafundisha ndugu na vijana wengine, miongoni mwao January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah na Simon Mpata.

Rangi na mabadiliko yake

Picha za Tingatinga mwenyewe zina rangi chache. Kwa kawaida usuli ni wa rangi moja tu, na juu yake amechorwa mnyama au ndege mmoja mwenye madoa. Rangi hizo hazikuchanganywa sana, kwa hiyo zilibaki kali kama zilivyotoka koponi.

Baada ya kifo chake mtindo ulibadilika. Kadiri watalii walivyoongezeka, wachoraji waliomfuata walianza kuchanganya rangi mbili au tatu katika usuli, kuongeza vivuli na kujaza ubao mzima kwa wanyama, watu wa kijijini na mlima Kilimanjaro. Leo watu wengi wanapotaja Tingatinga hufikiria picha hizo za rangi nyingi, ingawa mwanzilishi hakuchora hivyo.

Kifo na urithi

Mwaka 1972 Tingatinga alipigwa risasi na polisi jijini Dar es Salaam, waliomdhania kuwa mhalifu anayetoroka. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi tu. Kwa sababu hiyo picha zake halisi ni chache na zina thamani kubwa, na picha bandia zenye sahihi yake zimekuwa zikiuzwa.

Wanafunzi wake waliendelea kufanya kazi pamoja, na mwaka 1990 ushirika wao uliandikishwa rasmi. Kituo chao kiko Oysterbay, Dar es Salaam, na mtindo huo huchorwa pia Zanzibar na Arusha.

Jamii: Wachoraji wa Tanzania, Waliozaliwa 1932, Waliofariki 1972, Watu wa Mkoa wa Ruvuma