Moïse Tshombe na neno Mkatanga

Katika makala hii ninasimulia maisha ya Moïse Kapenda Tshombe, ambaye sanamu yake imesimama mbele ya Posta, katikati ya mji wetu wa Lubumbashi. Wengi wetu tulisikia habari zake nyumbani kabla ya kuzisoma shuleni, na mara nyingi kwa namna mbili tu: kwa wengine ni baba wa Katanga, kwa wengine ni msaliti wa Lumumba. Mimi ni mwanafunzi wa lugha za Kiafrika, si wa historia. Ninachofuata ni neno moja alilolipandisha katika siasa, na gharama ambayo watu walilipa kwa ajili yake.

Tshombe alizaliwa tarehe 10 Novemba 1919 huko Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Baba yake, Joseph Kapenda Tshombe, alikuwa mfanyabiashara, mmoja wa Wakongo wachache waliotajirika wakati wa ukoloni. Kijana alisoma kwa wamisionari Wamethodisti wa Marekani, akajifunza na uhasibu. Alimwoa Ruth, binti wa Mwant Yav Ditende. Hivyo alikuwa na vitu vitatu ambavyo wenzake wengi hawakuwa na hata kimoja: mali, elimu na uhusiano na ukoo wa kifalme. Lakini biashara haikumwendea vizuri. Alifilisika zaidi ya mara moja. Siasa ndiyo iliyompokea. Kati ya 1951 na 1953 alikaa katika Baraza la Jimbo la Katanga.

Mji wa Elisabethville, kama ulivyoitwa wakati huo, ulijengwa na watu waliotoka mbali. Migodi ya Union Minière na reli vilihitaji mikono, na wengi waliletwa kutoka Kasai. Watoto wao walizaliwa hapa, wakasoma hapa, wakawa makarani na walimu. Uchaguzi wa kwanza wa makomini ulipofanyika Desemba 1957, watu wenye asili ya nje ya Katanga ndio walioshinda umeya wa makomini ya Waafrika. Matokeo hayo yaliwachoma wengi waliojiona wenyeji. Mwaka 1958 vyama vya makabila ya Katanga viliungana vikaunda Conakat, na mwaka 1959 Tshombe akawa rais wake.

Hapo ndipo neno lilipobadilika. Mkatanga lilikuwa neno la kutaja mahali. Conakat ililiongezea halisi, na likawa neno la kugawa watu. Tangu hapo mtu aliyezaliwa Kenia au Albert, aliyeongea Kiswahili cha mji kuliko lugha ya babu yake, angeweza kuambiwa kwamba si wa hapa. Malalamiko ya wenyeji hayakuwa ya kubuni. Kazi nzuri na nyumba za kampuni ziliwafikia wachache. Ila Tshombe hakuuelekeza mkono kwa waliogawa kazi hizo. Walowezi wa Kibelgiji walishirikiana na chama chake, na lawama ikamwangukia jirani.

Katika uchaguzi wa Mei 1960 Conakat ilipata viti 25 kati ya 60 vya Bunge la Jimbo. Wapinzani wake, wakiongozwa na Balubakat ya Jason Sendwe, waliligomea bunge, na Ubelgiji ikabadilisha sheria ili Conakat iweze kuunda serikali peke yake. Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja baada ya uhuru, Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Alikuwa na fedha za Union Minière, maofisa wa Kibelgiji na askari mamluki.

Kuhusu Lumumba nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mengi yameandikwa. Tarehe 17 Januari 1961 yeye, Maurice Mpolo na Joseph Okito walishushwa uwanja wa ndege wa Luano, na usiku uleule wakapigwa risasi porini. Uchunguzi wa bunge la Ubelgiji ulionyesha kwamba Tshombe na baadhi ya mawaziri wake walikuwapo. Mwezi uliofuata serikali ya Katanga ilitangaza kwamba wanakijiji ndio waliowaua.

Msiba mwingine wa mwaka huohuo hautajwi sana, nao ulitokea ndani ya mji. Kuanzia mwisho wa Agosti 1961 Waluba wa Kasai na wa Katanga ya Kaskazini, wakiogopa kukamatwa na kupigwa, walikimbilia karibu na kambi ya askari Waswidi wa Umoja wa Mataifa. Walifika makumi ya maelfu. Waliishi katika vibanda, wakiwa na maji machache, magonjwa na vurugu. Wengi walikuwa wakazi wa mji huu, wakimbizi hatua chache kutoka milango yao. Mwaka 1962 Umoja wa Mataifa uliwasafirisha kwenda Kasai na Katanga ya Kaskazini, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuishi huko.

Januari 1963 kujitenga kuliisha kwa nguvu za Umoja wa Mataifa. Tshombe alikwenda Hispania, akaitwa tena Julai 1964 kuwa waziri mkuu wa Kongo nzima, akawapiga waasi wa Simba kwa msaada wa mamluki. Kasa-Vubu alimwondoa Oktoba 1965. Mobutu aliposhika nchi, Tshombe alihukumiwa kifo bila kuwapo mahakamani. Tarehe 30 Juni 1967 ndege yake ilitekwa, ikapelekwa Algeria. Alifia kizuizini Algiers tarehe 29 Juni 1969, na alizikwa Brussels. Mtu aliyewauliza wengine asili yao alizikwa mbali na kwao.

Yeye alikufa, lakini namna yake ya kuwapanga watu ilibaki, hata kwa wengine. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi wa chuo chetu walishambuliwa vyumbani mwao. Kwa mujibu wa walionusurika, neno la siri la Kilingala ndilo lililowatenga wa kuachwa na wa kupigwa. Mwaka 1992 na 1993, chini ya gavana Kyungu wa Kumwanza, Wakasai walifukuzwa tena, hasa Likasi na Kolwezi, na walimu wakiwamo. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Anayesoma ngeli ataona kilichofanyika: katika Kiswahili chetu Bakasai ni ngeli ya watu, pamoja na bantu, batoto na balimu; bilulu ni ngeli ya vitu. Jirani alitolewa kwenye ngeli ya watu kabla ya kutolewa nyumbani.

Katika sekondari niliyosoma, mkuu wa shule alichagua viongozi wa madarasa kwa kuangalia jimbo la asili, na kila mwaka tuligawanyika kabla ya masomo kuanza. Hakuwa mtu mkatili. Alirithi desturi, akaiona ni utaratibu. Fomu zetu nyingi bado zinauliza kijiji na teritwari ya asili, na rafiki ambaye babu yake alizaliwa Kenia bado anaandika Kasai.

Sisemi sanamu iondolewe. Tshombe alikuwa na akili na ujasiri, na wazee wengi wanakumbuka kwa wema mji wa wakati wake. Lakini sanamu inatuonyesha mtu mmoja tu, na waliolala vibandani mwaka 1961 hawana hata kibao. Waliokuwa watoto kambini sasa wana zaidi ya miaka sitini. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000, umeonyesha kwamba masimulizi ya wakazi yanaweza kukusanywa. Nasi wa lugha, tunaotafuta mada za kazi za mwisho wa masomo, tuna kazi inayotungoja: kuwarekodi wazee hawa katika Kiswahili chao na Kiluba chao, wakati bado wapo.