Kasisi Ellacombe na Maneno ya Kengele

Wengi wetu tunaosali katika makanisa ya zamani hapa Uingereza husikia kengele Jumapili asubuhi bila kujua nani anazivuta. Leo tunamkumbuka mtu aliyehangaika nazo karibu maisha yake yote, Kasisi Henry Thomas Ellacombe.

Alizaliwa mwaka 1790 huko Devon, kusini magharibi mwa nchi hii, mtoto wa kasisi. Baada ya masomo ya Oxford alikwenda Chatham, kwenye karakana ya meli za kivita, akajifunza uhandisi chini ya mzee Brunel, baba wa yule mjenzi maarufu wa reli. Mwaka 1816 akaingia katika utumishi wa kanisa, na mwaka uliofuata akafika Bitton, karibu na Bristol.

Siku hizo minara ya kengele ilikuwa na sifa mbaya. Wapiga kengele walijiona wenye mnara. Walinyweshana pombe humo humo, walitukanana, na wengi wao wakimaliza kupiga waliondoka bila kungoja ibada. (Wanakwaya, msicheke.) Mwaka 1821 Ellacombe aliurudia ufundi wake wa Chatham. Alifunga nyundo chini ya kila kengele, akashusha kamba zote hadi kwenye fremu moja ukutani, ili mtu mmoja aweze kuzipiga zote peke yake. Walevi hawakuhitajika tena, na makanisa mengi yakaiga.

Sisi tunaona dawa ile ilikuwa kali mno. Kengele iliyosimama ikigongwa na nyundo haina sauti nene kama ile inayobembea yenyewe. Tena, kumtoa mtu mnarani si kumwingiza kanisani.

Lakini mzee huyu hakuishia hapo. Mwaka 1850 alihamia parokia ya Clyst St George, kwao Devon. Aliandika mashauri juu ya minara na wapigaji, na chama cha wapiga kengele wa Devon kilipoanzishwa mwaka 1874 alikuwa upande wao.

Kazi yake kubwa ilikuja akiwa na miaka zaidi ya 80. Kengele nyingi za zamani zina maandishi: jina la aliyeitoa, jina la fundi, mwaka, pengine sala fupi. Kengele ikipasuka huyeyushwa na kufanywa upya, na maneno yale hupotea. Ellacombe aliyakusanya, parokia kwa parokia, akachapisha kitabu cha Devon mwaka 1872, cha Somerset 1875, na cha Gloucestershire 1881. Vitabu vya namna hii ndivyo vinavyotunzwa katika maktaba ndogo za wapiga kengele, kama ile ya baraza lao kuu lililoundwa mwaka 1891, ambako watu wa kujitolea huwajibu wanaotaka kujua kengele zao zilikuwaje zamani.

Alifariki mwaka 1885, miaka 95. Makaratasi yake juu ya kengele yamo British Library, London.

Kanisa lake la Clyst St George liliteketea kwa mabomu ya Wajerumani mwaka 1940, likajengwa upya baada ya vita. Maandishi ya kengele zake, jinsi yalivyosomeka mwaka 1872, bado yamo katika kitabu cha mzee.