KAREN CARPENTER: SAUTI TAMU, MOYO ULIOCHOKA

Mjomba wangu ana kanda kuukuu anayoicheza kila Jumapili. Anayeimba ni Karen Carpenter. Nilipoambiwa mama huyu alikufa kwa sababu ya kutokula, nilidhani ni umaskini. Kumbe pesa alikuwa nazo kochokocho!

Karen alizaliwa Machi 2, 1950 mjini New Haven, Marekani. Mwaka wa 1963 familia yake ilihamia Downey, California, na huko shuleni akajifunza kupiga ngoma. Ndiyo, msichana na ngoma! Yeye na kaka yake Richard, mpiga piano, waliunda kikundi cha Carpenters. Mwaka wa 1970 wimbo wao "Close to You" ulishika nambari moja Marekani.

Lakini Karen aliogopa kunenepa. Alikonda kama ng'onda na bado alijiona mnene. Mwaka wa 1975 alidhoofika hata ziara ya Uingereza ikafutwa. Mezani alikuwa akizungusha chakula kwenye sahani, kisha anawaonjesha wenzake mpaka kinaisha, yeye hajala.

Hapo nilisita kidogo. Binamu yangu anayekaa kwetu hugawa nyama yake kila jioni. Sisi tulikuwa tunashangilia tu!

Ugonjwa wa Karen huitwa anoreksia. Si sawa na bulimia. Mwenye bulimia hula chakula kingi mno kwa muda mfupi, halafu hujitapisha au hufunga asinenepe. Mara nyingi mwili wake ni wa kawaida, kwa hivyo macho hayamgundui. Diana, bintimfalme wa Uingereza, aliupata huo, akautaja kwenye televisheni mwaka wa 1995. Kuna na wa tatu: mtu hula hivyo hivyo bila kuweza kujizuia, ila hajitapishi. Huyo tunamwita mlafi, naye anaumia kwa aibu.

Mwaka wa 1982 Karen alienda New York kutibiwa, akalazwa, uzani ukarudi kiasi. Mwezi wa Novemba akarejea California. Wengi walidhani amepona. Wapi! Moyo ulikuwa umechoka. Februari 4, 1983 alianguka nyumbani kwa wazazi wake, akafa akiwa na miaka 32 tu.

Jana jioni binamu alinisogezea nyama yake tena. Sikuichukua. Tulikaa pale mezani hata mama akaja kuuliza kuna nini, nami nikamwambia.