John Fawcett: Mchungaji Aliyeshusha Mizigo

Wapendwa wana wa nyumbani, mwaka huu tunawaletea maisha ya mtu wa mbali ambaye mtihani wake tunaufahamu vizuri: aende mji mkubwa kwenye kipato kizuri, au abaki na watu wake?

John Fawcett alizaliwa tarehe 6 Januari 1740 huko Lidget Green, karibu na Bradford, kaskazini mwa Uingereza. Alifiwa na baba yake angali mtoto. Alipokuwa na umri wa miaka 16 alimsikia mhubiri George Whitefield, na tangu siku hiyo maisha yake yakabadilika. Mwaka 1758 alijiunga na kanisa la Wabaptisti mjini Bradford.

Mwaka 1765 aliwekewa mikono kuwa mchungaji wa Wainsgate, kanisa dogo la vilimani juu ya Hebden Bridge. Waumini wake walikuwa watu wa kawaida wa mashambani, na posho waliyoweza kumpa ilikuwa ndogo, hali familia yake inaongezeka.

Ndipo mwaka 1772 ukaja mwito kutoka London. Kanisa la Carter's Lane lilikuwa limefiwa na mchungaji wake mashuhuri, Dk. John Gill, nalo likamtaka Fawcett. Akakubali, akahubiri mahubiri ya kuaga. Masimulizi yaliyopokelewa yanaeleza kwamba siku ya safari mizigo ilikwisha kupakiwa kwenye mikokoteni, waumini wakiwa wameizunguka wakilia. Fawcett na mkewe hawakuweza kuondoka. Wakaagiza mizigo ishushwe.

Wimbo wake ujulikanao zaidi, unaoimbwa hadi leo waumini wanapoagana, unahusishwa na siku hiyo. Ulichapwa mwaka 1782 katika kitabu chake chenye nyimbo 166. Nyingi kati ya hizo alizitunga ziimbwe mwisho wa mahubiri yake mwenyewe.

Fawcett alibaki ili afanye kazi. Mwaka 1776 alihamia Brearley Hall, akafungua shule. Mwaka 1777 jengo jipya la ibada, Ebenezer, likasimama Hebden Bridge. Mwaka 1793 alialikwa kuongoza chuo cha wachungaji cha Bristol, akakataa tena. Mwaka 1804 alishiriki kuanzisha chama cha kusomesha wachungaji huko huko kaskazini. Mwaka 1811 Chuo Kikuu cha Brown cha Marekani kilimpa shahada ya heshima ya udaktari. Alifariki tarehe 25 Julai 1817, baada ya zaidi ya miaka 50 ya kuwatumikia watu wa bonde lile.

Lakini hakuwazuia wengine kwenda. Mmoja wa wanafunzi wake, William Ward, alisafiri hadi India mwaka 1799, akawa mchapaji wa Biblia huko Serampore katika lugha nyingi. Mwalimu alibaki, mwanafunzi akaenda, na kazi ikawa moja.

Nasi ndivyo tulivyo. Wapo waliobaki nyumbani wakilinda shule, zahanati na visima. Wapo walio mijini na nchi za nje. Hakuna wa kulaumiwa kwa kuondoka. Tunachoombana ni kwamba aliye mbali asiisahau njia ya kwao, na aliye nyumbani asiachiwe mzigo peke yake. Haba na haba hujaza kibaba. Karibuni tuchange.